Nyumbani Nilikaa Siti ya Utingo

Juzi nilikuwa nimeketi pale wanapooshea malori, kando ya barabara inayoshuka mjini Gisenyi, na madereva vijana wakanizunguka kunichokoza. Mmoja wao, ambaye lori lake lina kitanda kipana kuliko changu cha ndoa, akaniuliza, "Mzee Karagwe, katika safari zako zote, ni kipande gani cha barabara kilichokushinda?" Walitaka niseme kona za mlima Sekenke za zamani, au matope ya masika kule mbele ya Singida, au huu mteremko wetu wenyewe, ambapo ziwa linajitokeza ghafla mbele ya kioo na dereva mgeni anasahau breki. Nikawaambia kilichonishinda ni kile kipande cha miguu, kutoka nilipoegesha lori mpaka mlangoni kwangu. Wakacheka sana. Mimi pia nilicheka, ila nilikuwa nasema kweli, na kwa sababu hawakuniamini nimeamua kuwaandikia.

Barabara mtafundishwa na wengi. Mtafundishwa kufunga turubai, kusikiliza tairi kwa kuligonga na kipande cha bomba, kushuka kilima kwa gia ileile ambayo ungeipandia. Lakini siku za nyumbani, zile chache kati ya safari na safari, hakuna mtu anayewafundisha. Kila mtu anadhani kukaa nyumbani hakuhitaji ujuzi. Mimi nilikuwa na leseni ya tela miaka mingi kabla sijajua kukaa kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Jina la Karagwe nilipewa na Papa Safari, dereva Mkongomani aliyenifundisha kazi. Nilikulia huko Karagwe, Tanzania, kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na Kiswahili changu kilimchekesha. Alisema naongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Papa Safari alikuwa mfupi, mnene, mpole kwa watu na mkali kwa injini. Jambo la kwanza alilonikataza ni kuzima gari mara tu linaposimama. Injini hizi zenye turbo zikishafanya kazi kubwa zinataka kuachwa zingurume kidogo bila mzigo, mafuta yazunguke, chuma kipoe taratibu. Ukizima ghafla unaiua kidogo kidogo, na siku itakapokufa utamlaumu fundi.

Kumbe naye mwenyewe alikuwa na mtindo huo. Tulipofika mjini, tukishakabidhi lori, hakwenda kwake moja kwa moja. Aliingia kwenye duka la maziwa, akaagiza bilauri moja ya mtindi, akakaa. Hakuongea, hakutazama saa. Alikaa tu mpaka mabega yashuke. Mara ya kwanza nilimwambia mimi nina haraka, mke wangu ananisubiri.

"Karagwe," akanijibu, "mutu naye iko na moteri. Usiingie kwa nyumba ungali moto. Utachoma watu."

Nikamcheka moyoni, nikaenda zangu.

Mke wangu ni Mama Solange. Solange ni binti yetu wa kwanza, sasa ameolewa Kigali. Wa mwisho ni Kevine, na huyo ndiye mtakayemsikia zaidi humu. Mama Solange ametokea upande wa Goma, kwa hiyo nyumbani kwetu Kinyarwanda kinachanganyika na Kiswahili cha Kongo, na mimi na taarifa yangu ya habari katikati. Yeye ni mfanyabiashara. Viazi ananunua kwa wakulima wa Cyanzarwe, vitunguu anatafuta popote vilipo, na anavuka mpaka mdogo, ule wa waendao kwa miguu, na wenzake kwenda kuviuza Goma. Nimemwona akikisia uzito wa gunia kwa kulisukuma kwa goti, halafu mizani ikamfuata.

Sasa nieleze nilivyokuwa nafika. Kwanza simu. Zamani tulituma habari kwa dereva anayetangulia: mwambie mke wangu umeniacha Kahama. Zilipokuja simu za mkononi nikajifanya wa kisasa. Nikampigia nikiwa Rusumo, pale daraja la mpakani tunapohama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia, nikamwambia kesho nakula kwako. Mizani ikanikamata, karatasi moja ikakosa muhuri, na ile kesho ikasogea, ikasogea tena. Mama Solange alikuwa amepika isombe, yaani kisamvu, na samaki, watoto wamevalishwa nguo za kanisani. Nilipofika isombe ilishaliwa na majirani na watoto wamelala. Tangu hapo nikawa nasema nilipokwishapita tu, sisemi nitafika lini. Na ninyi mfanye hivyo. Siku hizi mkeo anaweza kuliona lori lako kwenye simu linavyotambaa, lakini bado usiahidi saa.

Pili, zawadi. Dereva akitoka safari mikono mitupu anaona haya. Nililetea nyumba yangu mchele wa Kahama, asali ya Tabora, karanga, na safari moja, nikijiona nimetenda makubwa, nikashusha magunia ya vitunguu vya Singida. Vitunguu! Nimemletea mwanamke anayeuza vitunguu, wiki ambayo yeye mwenyewe alikuwa navyo mpaka chini ya kitanda. Aliniangalia, akaangalia magunia, akasema, "Bon. Aksanti." Mama Solange akianza na "bon", yaani "haya", tafuta pa kujificha.

Na tatu, mapokezi. Hapa ndipo palipoanza kuniuma. Nikiingia, wote walisimama. Redio ilipunguzwa. Kikombe chenye maua, kile cha kabatini, kilitolewa kwa ajili yangu. Nilipewa kiti cha mbao chenye mto, chini ya taa, na nyama ilinunuliwa. Miaka ya kwanza nilivimba kichwa. Nikasema hii ndiyo heshima ya baba. Lakini jioni hiyohiyo ya kwanza, kila safari bila kukosa, Kevine alikuwa anakuja kusimama mbele ya kiti changu, mikono nyuma, na kuniuliza, "Papa, unaenda lini?"

Kila safari, bila hata salamu za pili. Nilikuwa nacheka na kusema, "Ndiyo kwanza nimefika, mama." Lakini lile swali lilinichoma. Nilikuwa namwaza yule mtoto njia nzima, kutoka bandarini Dar es Salaam mpaka hapa, na yeye ananiuliza ninaondoka lini.

Basi nikaamua kuonyesha kwamba mimi ni mtu wa nyumba hii. Na nilionyesha kwa njia ambayo dereva peke yake angeweza kuifikiria. Niliamka alfajiri, nikaikagua nyumba kama ninavyokagua lori. Niligonga madumu ya maji kujua yapi yamejaa. Nilijaribu bawaba. Nilipofika kwenye chumba cha stoo cha Mama Solange nikatikisa kichwa: magunia ya viazi yamepangwa ovyo, mengine mepesi chini, mazito juu, upande mmoja umeelemewa. Ukipakia tela namna hiyo utalala ubavu kwenye kona. Yeye alikuwa ameshatoka kwenda mpakani. Nikavua shati, nikapanga upya chumba kizima, mazito chini na nyuma, mepesi juu, pande zote sawa. Kazi safi kabisa, ungeweza kuifikisha Dar bila kamba kulegea.

Tatizo ni kwamba ile stoo haikuwa inakwenda Dar. Mama Solange alipanga viazi kwa umri. Vya zamani karibu na mlango vitoke kwanza, vipya nyuma. Mimi nikavichanganya vyote, na vile vilivyokuwa vimeanza kuchoka nikavifukia ukutani chini ya vizito. Hakugundua mara moja, kwa kuwa nilipanga vizuri. Aligundua kwa pua, nami nilikuwa bado nipo nyumbani, nimekaa kwenye kiti changu chini ya taa.

Nilingoja anipigie kelele. Ningefurahi angepiga. Alitoa yale magunia yaliyooza, akanawa mikono, akaja akasema kwa sauti ya upole, "Papa Solange, kaa tu. Nitakuletea chai. Mugeni hatumikake."

Kutumika kwao ni kufanya kazi. Mgeni hafanyi kazi. Akaniletea chai kwenye kikombe chenye maua, nami nikainywa, na sikumbuki kama ilikuwa na sukari. Nilikuwa na hofu, vijana wangu, nasema wazi. Niliona siku ambayo macho yatachoka na tajiri mwenye lori atanipokonya funguo, na mimi nitakuja kukaa katika nyumba hii kama mgeni asiye na siku ya kuondoka. Mnajua mgeni wa namna hiyo anavyotazamwa.

Safari iliyofuata niliondoka kama nilivyozoea, alfajiri, wote wamelala, nikavuta mlango kwa nje polepole ili bawaba isilie. Ndivyo nilivyoondoka maisha yangu yote.

Nikarudi na mzigo wa unga unaokwenda Goma. Hapo kuna kichekesho cha mji wetu ambacho madereva wa kwingine hawakijui. Unafika Gisenyi, lakini hujafika. Foleni ya kuvuka ni ndefu, mzigo ni wa tajiri, huwezi kuuacha. Unalala ndani ya lori siku baada ya siku, na kutoka dirishani unaona mnara wa kanisa lako. Nilikuwa karibu na nyumbani kiasi kwamba Mama Solange, akirudi mpakani na beseni tupu kichwani, alipita kando ya gurudumu langu. Siku ya pili akaniletea chakula kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitenge.

Nikamfungulia mlango wa upande wa utingo, akapanda. Kwa ndoa yetu yote hakuwahi kukaa ndani ya lori langu. Utingo wangu alikuwa ameshuka kutafuta maji. Nikamtandikia mke wangu taulo kwenye siti, nikawasha jiko langu dogo, nikamchemshia chai, nikampa kikombe kisicho na ufa. Nilifurahi kweli. Hii ilikuwa nyumba yangu na nilikuwa na mgeni.

Alikunywa. Halafu akaanza kutazama huku na huku, na mikono yake ikaanza kazi. Alikunja blanketi langu. Akachukua tochi iliyokuwa imening'inia kwenye ndoano na kuiweka ndani ya kiboksi, ipendeze. Akaokota spana niliyoilaza chini ya siti, pale mkono unapoifikia bila jicho, akaitia kwenye mfuko pamoja na vijiko. Kitambaa changu cha kufutia kioo akakitumia kupangusa vumbi la dashibodi.

"Acha!" nikasema. Ilitoka kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Hiyo tochi ina mahali pake. Nikiihitaji gizani nitaipata wapi?"

Hakuacha. Akachukua redio yangu ndogo na kuigeuzia upande wa pili.

"Mama Solange, nimesema acha! Hujui kazi ya humu."

Ndipo akanigeukia, na nikaona kwamba alikuwa anajizuia kucheka muda mrefu. "Eh! Juu ya nini uko unakasirika? Mi niko nakusaidia tu." Halafu akaacha kucheka. "Umeona sasa? Njo vile mi nasikiaka ukigusa stoki yangu."

Nje, foleni ilisogea gari moja, nikawasha, nikasogea, nikazima. Nilizima harakaharaka, Papa Safari angenizaba kofi.

"Hapa kwa camion," akaendelea, akipiga ile siti ya utingo aliyokalia, "we njo shofere na mi niko tandiboi. Sawa. Lakini kule kwa nyumba shofere ni mimi. Ukikuja, usishike usukani. Kaa ku siti ya tandiboi."

"Na Kevine?" nikamuuliza. Sikujua kwamba nitauliza. "Mbona kila nikifika ananiuliza ninaondoka lini? Mtoto hanitaki?"

Akashangaa kwelikweli. "Hakutaki? Papa Solange! Ile kiti unapendaka, chini ya taa, njo kiti ya Kevine ya kufanyia devoirs za masomo. Ukikuja, anaandikia ku kitanda, kalamu inatoboa karatasi. Anauliza juu apange masomo yake. Hakufukuzi. Ukiondoka, anaingiaka kwa blanketi yako kulala."

Nililia kidogo. Niwaambie tu, maana hata ninyi mtalia siku moja na mtadhani ni moshi wa jiko. Mama Solange alitazama pembeni, akanirudishia tochi kwenye ndoano yake.

Nilipokwisha kushusha ule unga nikarudi upande wetu, nikaegesha, na kwa mara ya kwanza nikaingia kwenye duka la maziwa. Nikaagiza mtindi, nikakaa mpaka mabega yakashuka. Nilipofika nyumbani wote walisimama kama kawaida. Nikaomba radhi, nikakiacha kile kiti, nikachukua kigoda na kukaa karibu na mlango. Utingo hukaa karibu na mlango, kwa sababu kazi yake ni kushuka wa kwanza. Kevine aliangalia kiti, akaniangalia mimi, akaangalia mama yake. Kisha akaleta daftari zake na kukaa chini ya taa, bila kuniuliza chochote.

Kuanzia hapo nikajifunza upya, na hii ndiyo sehemu ninayotaka muishike. Utingo mzuri haulizi "kwa nini mmeweka hivi?" Anauliza "leo nishuke wapi?" Asubuhi nilimuuliza Mama Solange hivyohivyo. Mwanzoni hakujua la kunipa. Akanituma chumvi. Baadaye akanituma Cyanzarwe kuchukua gunia moja kwa baiskeli, na mkulima akanipunja, akaniwekea viazi vidogo chini na vikubwa juu. Mama Solange alicheka mpaka akakaa chini. Hakusema "bon." Mara nyingine alinifundisha kulisukuma gunia kwa goti. Nilimsindikiza Kevine shuleni, ila niliangalia upande usiofaa kila tulipovuka barabara, macho yangu yakiwa bado Tanzania, na yeye akawa ananishika mkono na kunigeuza kichwa. Mfikapo nyumbani, siku ya kwanza msivuke barabara bila mtoto.

Wakati mwingine nilisahau. Nimewahi kupiga honi kwa mdomo nikitaka watu wanipishe kwenye korido. Nimewahi kumpangia Mama Solange njia fupi ya kwenda Goma, mimi ambaye siwezi kubeba beseni kichwani hatua mbili. Aliniambia, "Tandiboi, kaa." Nikakaa.

Mwaka huu macho yalichoka kama nilivyojua yatachoka. Nikakabidhi funguo, tajiri akanipa mkono, na nikapanda kilima kwenda nyumbani bila siku ya kurudi kazini. Lile nililolihofia likatokea. Walisimama wote. Kevine sasa ni msichana wa chuo, analala nyumbani, naye alisimama. Kikombe chenye maua kikatoka kabatini. Wakanibembeleza nikae kile kiti cha mto, majirani wakaja kunipongeza, na kwa wiki kadhaa nikawa nachemshiwa maji ya kuoga kama askofu. Redio ilipunguzwa kila nilipokohoa. Nilikuwa nakaa pale chini ya taa nikijiuliza Kevine anasomea wapi, na nikijua kwamba safari hii hakuna atakayeniuliza ninaenda lini, kwa kuwa wote wanajua siendi.

Nikamwambia Mama Solange, "Nipe kazi isiyo na likizo." Alikataa. Alisema nitachoka, nitakumbuka barabara, nitamwachia magunia Cyanzarwe. Nikamwambia anijaribu. Basi kila alfajiri sasa mimi ndiye niendaye Cyanzarwe, nasukuma magunia kwa goti, nawajua wakulima kwa majina na ujanja wao, na jioni nikipata nafasi nateremka mpaka Nyamyumba, ufukweni, kununua sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa wavuvi. Kigoda changu nilikirudisha karibu na mlango, bila kuomba ruhusa.

Jioni moja, si zamani, nilichelewa Nyamyumba. Mvua ilikuwa imenyesha na upepo ulishuka kutoka mlimani. Nilifika nikiwa nimelowa magoti, sambaza mkononi kwenye mfuko, nikasukuma mlango na kusimama kizingitini, nikingoja wanyanyuke kama walivyozoea.

Hakuna aliyenyanyuka. Redio ilikuwa inaimba kwa sauti yote. Mama Solange alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa, alinyoosha tu mkono apokee samaki. Kevine alikuwa chini ya taa, kalamu mdomoni, macho kwenye kitabu.

"Papa," akasema bila kunitazama, "funga mulango, baridi inaingia."

Mgeni haambiwi hivyo. Mgeni mnamfungia wenyewe, mnamwomba radhi kwa baridi. Nilisimama kidogo na mkono juu ya ule mlango ambao kwa miaka yote ya kazi niliufunga polepole bawaba isilie, nikiwa nje, watu wangu wamelala.

Nikaufunga kwa ndani.